Chupa ya Mvua ya Kwanza

Kifuniko cha mtungi kiligonga ukingo, tik, kisha kukawa kimya. Giza lilikuwa bado zito. Mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa imekatika muda si mrefu, bati likidondosha matone ya mwisho, nami nimelala na Akanni kifuani, mtoto wa wiki tano. Nilijua ni mama mkwe anateka maji. Nikamfunika mwanangu, nikangoja mwanga niende kazini.

Kazi yangu ilikuwa kulinda mvua. Pale kijijini Oke-Odan walinicheka miaka sita. Nikipita asubuhi na glavu zangu mfukoni, wanawake wanaokaanga akara, zile bajia za kunde, waliniuliza mvua imeamkaje, imekunywa uji? Niliwajibu imeamka salama, inawasalimu, inasema mafuta yenu yananuka. Lakini kazi ilikuwa kazi. Sanduku la mvua lilisimama nyuma ya nyumba yetu ndani ya ua wa waya, juu ya miguu minne ya chuma. Kifuniko chake kilijifungua chenyewe tone la kwanza likikigusa, na kilijifunga mvua ikikatika, ili vumbi na kinyesi cha ndege visiingie. Ndani mlikuwa na ndoo nyeupe. Mimi nilipima maji yake, nikaandika milimita daftarini, nikajaza chupa mbili ndogo, nikaziweka kwenye friza ya umeme wa jua. Bwana Kpadonu, msimamizi wangu, alikuja na gari la mradi wa utafiti kutoka Kotonu, akazibeba ndani ya barafu, zikapelekwa ng'ambo kupimwa.

Shule niliiacha darasa la nne. Mengine niliyapata jioni, kwenye madarasa ya watu wazima, mwanangu wa kwanza, Abeje, akiwa mgongoni na chaki mkononi. Baadaye msichana mmoja wa chuo kikuu alikaa kwetu msimu mzima, akanifundisha kusoma karatasi za majibu, safu baada ya safu. Ndipo nilipojua kwamba mvua si maji matupu. Mvua yetu ina punje ya chumvi iliyosafiri kutoka baharini, siku nyingi za njia. Ina moshi wa nyasi tunazochoma kiangazi. Ina amonia ya mikojo ya ng'ombe wa Wafulani, na uchachu mdogo unaotokana na pumzi ya majani ya miti. Vyote hivyo ni kidogo mno, chembe katika lita. Mvua ya kwanza huwa nazo zaidi, kwa sababu ndiyo inayofagia anga. Nilikuwa nikimnyonyesha mtoto nikiwaza kwamba mimi, Ayoka, binti wa mchoma mkaa, najua kilichomo ndani ya tone.

Mwezi wa Aprili homa ilinishika, na maziwa yangu yakapungua. Tukamwanzishia Akanni maziwa ya unga. Na kwa desturi yetu mtoto mchanga ni wa bibi yake: bibi ndiye anayemwosha, anayemnyoosha viungo, anayemnywesha dawa ya majani kila asubuhi, kikombe kizima, mtoto apende asipende. Mama mkwe hakuwa mzembe. Ukutani mwa zahanati kuna picha ya sufuria inayotoa mvuke, na maneno, chemsha maji ya mtoto dakika ishirini. Yeye alichemsha mpaka nusu ya chungu ikaondoka. Alisema kama ishirini zinaua wadudu, basi arobaini zinaua na wajukuu wa wadudu.

Mwezi wa Mei midomo ya Akanni ilianza kuwa ya buluu, kama mtoto aliyelamba wino. Kisha kucha. Kisha akawa anapumua juu juu, akilala kutwa, mwepesi mikononi kama kitambaa kilichokauka. Hakulia. Majirani wakaja kumsifu, mtoto gani huyu mtulivu, una bahati, wa kwangu ananitoboa masikio. Nilitamani kuwapiga. Chabi, muuguzi wetu, alimsikiliza kifua mara tatu, akasema pengine ni moyo, huenda ana tundu, apelekwe hospitali ya Parakou kwenye mashine. Alisema polepole, akiangalia sakafu. Biau, mume wangu, alikuwa njiani na lori la pamba. Tukakubaliana atakaporudi Ijumaa tungeondoka. Nilihesabu siku na kuhesabu pumzi.

Jumanne, gari la mradi likaingia.

Bwana Kpadonu hakuja peke yake. Alikuwa na kijana mmoja aliyevaa viatu vyeupe, na hakuniambia ni nani. Alikataa maji niliyompigia magoti kumkaribisha. Alitandaza karatasi juu ya friza, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, na sauti yake ikapanda makusudi ili majirani waliosimama kwenye waya wasikie. Alisema nimewatia aibu mbele ya watu wa ng'ambo. Miaka sita ya kuniamini, kumbe nalala. Mvua ya kumi na tisa Machi, mvua ya kwanza, ile inayongojwa kuliko zote, niliimwaga kwa uzembe wangu, kisha nikajaza chupa kwa maji ya kisima nikidhani mashine za watu ni vipofu.

"Maji ya kisima nayajua nikiyaona kwenye karatasi," akasema. "Hii si mvua, mama. Tangu lini hii ikawa mvua?"

Nilimwambia sikumwaga. Nilimwambia siku Abeje anazaliwa nilipima mvua saa kumi alasiri, nikajifungua saa mbili usiku, na milimita zake zimo daftarini, aangalie. Hakuangalia. Alisema huruma si sayansi. Mwanamke akishazaa, akili yake hubaki kwenye nepi. Yeye alilisema hilo tangu mwanzo ila hakusikilizwa. Kijana wa viatu vyeupe angechukua funguo kesho asubuhi.

Pale kwenye waya mtu akacheka. "Imekuaga mvua yako, Mama Abeje?"

Nilikuwa nimekaza meno hadi masikio yananiuma. Nilimwomba Bwana Kpadonu aniachie karatasi nisome, akanitupia kama unavyomtupia mbwa mfupa, akaenda nyumba ya wageni kula.

Nikaketi kizingitini na Akanni mapajani. Nikasoma. Mistari yote ya mwaka ilikuwa kama ninavyoijua, tarakimu ndogo ndogo, sifuri na nukta. Naitreti, nusu. Naitreti, sita katika kumi. Naitreti, moja. Kisha kumi na tisa Machi. Kalsiamu ilikuwa juu, chumvi juu, na naitreti mia moja tisini na mbili. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mtu wa ng'ambo alikuwa ameandika maneno matatu, maji ya kisima, na tarehe yake ya mwezi uliopita.

Basi alikuwa amesema kweli. Hilo liliniumiza kuliko matusi. Maji yale hayakuwa mvua, nami niliyapima kwa mikono yangu asubuhi ile, mililita mia tano na sitini, hata tone halikupungua. Nani aliingia ndani ya waya wangu? Ufunguo ulikaa kwenye msumari juu ya mlango. Na nyumbani tulikuwa watatu tu siku ile tunaoweza kuufikia: mimi, na mume wangu aliyekuwa akikoroma, na mama yake.

Nilimkuta jikoni anachochea moto. Nilimwuliza bila kumsalimu, jambo ambalo kwetu ni kama kumpiga kofi. Nilimwuliza kama aligusa sanduku.

Hata hakushtuka. Alisema ndiyo. Alisema kwa utulivu wa mtu anayeulizwa kama alifagia.

"Mtoto wa kiume amezaliwa kabla ya mvua ya kwanza, mke wetu. Asioshwe kwa mvua hiyo? Ya kwenye bati ina kutu na mavi ya njiwa. Yako ilikuwa safi, imefunikwa kama bibi harusi. Nikaichukua."

"Na ndoo?"

"Nikairudishia. Mimi si mwizi. Nilitia alama ya kidole, nikajaza mpaka pale pale, kwa maji ya mtungini. Mazuri, yametulia."

Hasira iliyonipanda sikuwahi kuijua. Nilimwambia mambo. Nilimwambia amenilia mkate wangu, amenivua nguo mbele ya kijiji, miaka sita ya kuamka na radi ameiosha kwenye makalio ya mtoto. Aliacha kuchochea moto. Alisema, kama maji ni maji, kuna kosa gani? Nikamwambia maji si maji! Mvua ina naitreti nusu, ya mtungi wako ina mia moja tisini na...

Macho yangu yakaangukia moto.

Chungu kilikuwa motoni mbele yangu, majani yakizunguka ndani ya maji, maji yameshashuka hadi nusu. Kando yake kopo la maziwa ya unga. Kando yake mtungi.

Msichana wa chuo alipata kuniambia jambo siku moja tukiosha chupa. Alisema kwenye mvua naitreti haimdhuru mtu, ni mbolea ndogo kutoka mawinguni. Ila ikizidi kwenye maji ya kunywa, ikipita hamsini, mtoto mchanga anabadilika rangi, kwa sababu damu yake inashindwa kubeba pumzi. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za nchi ya mbali. Niliandika jibu kwenye mtihani wa jioni hata nikapata alama. Na kisima chetu kiko mteremko mmoja na ghala la pamba, ambako mbolea inashushwa kila mwaka, magunia yanapasuka, mvua inasomba. Sikuviunganisha. Mimi ninayejua kilichomo ndani ya tone sikujua kilichomo ndani ya mtungi wangu. Hasira nyingine zote nilikuwa na mahali pa kuzitupa. Hii sikuwa na pa kuitupa.

Na kuchemsha. Wadudu hufa, lakini naitreti haipandi na mvuke. Inabaki chini inamngoja mtoto. Kila alivyochemsha kwa upendo zaidi ndivyo alivyoikoleza.

Nilikipiga chungu teke. Kikavunjika, maji yakazima moto, majivu yakatufunika wote wawili. Mama mkwe akanitazama kama mtu aliyeingiwa na pepo. Nikamwambia sababu, kwa maneno mafupi, nikamwona anakaa chini kwenye majivu kidogo kidogo, mkono mdomoni. Sikungoja. Nilimfunga Akanni mgongoni, nikakimbia na karatasi hadi zahanati.

Chabi alisoma mstari ule mara mbili. Hakuniuliza kama nina hakika. Alimchoma Akanni kisigino, tone la damu likatoka juu ya pamba nyeupe, na lilikuwa la kahawia, rangi ya kahawa iliyolala. Alilipungia hewa kwa kipande cha boksi. Damu ya mtu ikipata hewa huwa nyekundu. Ile ilibaki kahawia. Chabi akatukana, mtu ambaye sijawahi kumsikia hata akisema mjinga. Kisha akakaa.

"Si moyo. Ni maji, na mimi nimewaambieni mchemshe."

Dawa inayorudisha damu hiyo hakuwa nayo. Alisema angepiga simu Parakou iletwe na gari la asubuhi, na kama pumzi itazidi kupanda twende usiku huo huo kwa pikipiki. Lakini la kwanza, asipite tena hata tone la kisima kinywani mwake. Aninyonye mimi kila saa hata kama ni kidogo, na maziwa ya kuongezea yachanganywe na maji ya mvua, yakishaanza kuchemka tu yatolewe. Akaniuliza kama ninayo maji ya mvua. Watu wote wa Oke-Odan wana mapipa, lakini yalijaa maji ya mabatini, yenye kutu na mavi ya njiwa, ambayo hutampa mtoto mgonjwa.

Nikasema ninayo. Ilikuwa imenyesha jana usiku juu ya ua wangu wa waya, na nilikuwa bado sijaigusa kwa sababu Bwana Kpadonu alinikuta nikivaa glavu.

Nilimkuta yeye na kijana wake wamekwisha kula, wamesimama kwenye sanduku, anamwonyesha namna kifuniko kinavyofunguka. Majirani walikuwa bado hawajachoka. Nilimwonyesha maandishi mekundu. Nilimwuliza karatasi ile imemfikia lini.

Alisema mwezi mmoja hivi.

Nikamwuliza, alipoona ni maji ya kisima, na akaona mia moja tisini na mbili, alifikiri kisima cha nani? Alifikiri kinanywewa na nani?

Alivua miwani, akaifuta. Alisema nisichanganye mambo. Mradi ni wa mvua. Visima vina idara yake, na idara hiyo haijamwomba kitu. Na tena sampuli iliyochafuliwa haitumiki kwa hitimisho lolote, huo ndio utaratibu. Ukishaikataa, umeikataa, huwezi tena kuisoma.

"Kwa hiyo uliisoma ili unifukuze, ila kwa mwanangu huwezi kuisoma."

"Mama, usipandishe sauti."

Nilikuwa sijaipandisha. Nilimfungua Akanni mgongoni, nikamgeuza uso wake mdogo umwelekee. Nilisema aangalie midomo hiyo. Alisema ana ndege ya kuwahi Kotonu, nadhani hata hakujua anachosema, maana alikuja na gari. Kijana wa viatu vyeupe ndiye aliyeangalia. Aliangalia, akainamisha kichwa, akajitoa mlangoni pa waya ili nipite.

Nikaingia. Kwa miaka sita sikuwahi kuigusa ndoo ile bila glavu. Safari hii niliishika kwa mikono yenye majivu, nikaitoa. Bwana Kpadonu akaniambia niiweke chini, hiyo ni mali ya utafiti, ni wizi. Nikamwambia ndiyo, ni wizi. Ulinisingizia kabla sijaiba, sasa naiba na wewe umesimama. Nikayapima maji, nikafungua daftari juu ya friza, nikaandika kwa mwandiko wangu wa jioni, herufi kubwa ili mashine za watu zisiwe vipofu: milimita ishirini na mbili, chupa hakuna, maji amepewa Akanni mwana wa Biau, miezi mitatu, kwa sababu kisima cha Oke-Odan kina naitreti mia moja tisini na mbili na mradi ulijua. Nikaweka tarehe. Nikaweka sahihi. Funguo nikazitupa ndani ya ndoo mbovu iliyokaa pembeni na maji machafu, azitoe mwenyewe.

Yule aliyecheka asubuhi alikuwa bado kwenye waya, na mtoto wake ubavuni, wa miezi saba. Nilisimama na ndoo yangu nikamwambia, na wengine wote, yaliyomo kwenye karatasi. Nilisema mara moja tu. Hakuna aliyecheka. Mmoja alikuwa na debe kichwani akitokea kisimani. Alilishusha, akalimwaga palepale barabarani, akabaki anatazama ardhi ikiyanywa maji.

Lita moja kasorobo hivi. Hicho ndicho nilichokuwa nacho, na nilikipima kama nilivyopima mvua zote, mililita kwa mililita, kijiko cha unga kwa kipimo chake. Mama mkwe alikaa ukutani hajanawa majivu. Hakuomba msamaha, nami sikumwomba. Alipanda juu ya bati usiku wa manane kwa umri ule, akalisugua kwa ufagio na mchanga, akatandaza kanga zake mbili mpya za Sikukuu chini ya mfereji, na mvua ilipokuja alfajiri alikuwa amesimama pale na mitungi mitupu, analowa, anainua midomo kama anagombana na mtu mawinguni. Dawa kutoka Parakou ilifika saa nne. Chabi aliitia mshipani mwenyewe, jasho likimtoka.

Biau alirudi Ijumaa akiwa amejiandaa kwa safari. Nilikuwa nimeshaandika barua tatu, moja kwa idara ya visima, moja kwa chifu wa tarafa, moja kwa msichana wa chuo, na ya nne nilikuwa naipanga kichwani huku natwanga viazi vikuu, kila pigo la mchi na jina la mtu. Akanni alikuwa amelazwa kwenye mkeka, Abeje akimfukuzia nzi. Nilimchelewesha kidogo, chupa yake ilikuwa bado ya moto. Akangoja. Akaona haiji.

Kilichotoka kinywani mwake hakikuwa kilio cha mtoto mgonjwa. Ulikuwa ukelele, mrefu, uliotoka tumboni, miguu ikipiga mkeka, uso wote umekuwa mwekundu hadi masikioni, kinywa kimefunguka nami naona ufizi, mwekundu, na ulimi, mwekundu. Mchi ukanikwama mkononi. Mama mkwe akatoka nje mbio na sabuni mikononi. Jirani akatoa kichwa mlangoni kwake.

Abeje alimtazama mdogo wake kwa makini, kisha akageuka kwangu.

"Mama, mtoto amekasirika."